Nilimpima Presha, Nikasahau Kumwuliza

Mimi ni muuguzi. Nina zaidi ya miaka ishirini kazini, na mingi kati ya hiyo nimeitumia katika zahanati iliyo karibu na Kariakoo, hapa Dar es Salaam. Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu alikuwa akituonya kila mara kwamba mgonjwa huulizwa kabla hajaguswa. Umeanza lini kuumwa? Umekula nini? Unalala vizuri? Nani yuko nyumbani pamoja nawe? Maswali hayo nimewauliza akina mama wengi kiasi cha kuyasema hata usingizini.

Lakini yuko mmoja ambaye sikumwuliza, naye alikuwa damu yangu. Nawasimulia habari zake kwa ruhusa yake mwenyewe, maana nadhani katika nyumba zetu nyingi mtu wa namna hiyo yupo.

SAFARI YA MASKATI

Mdogo wangu ni kitindamimba wa mama yetu. Alipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, akatoka kwetu Iramba mkoani Singida, akaja kuishi nami Ilala. Alisaidia kazi za nyumbani, akajifunza kushona, akauza maandazi. Mwaka 2012 wakala mmoja akamwambia kwamba kuna kazi za ndani Maskati, nchini Oman, na kwamba mshahara wake ni mara nyingi ya kile anachopata mtumishi wa ndani hapa kwetu. Mimi ndiye niliyempa fedha za kushughulikia hati ya kusafiria. Mimi ndiye niliyemsindikiza bandarini, akapanda boti ya kwenda Unguja, na huko akaunganisha safari.

Jumapili iliyofuata akina mama wa usharika wetu waliniuliza, "Mdogo wako mbona haonekani?" Nikajibu kwamba amepata kazi katika kampuni Uarabuni. Sijui neno "kampuni" lilinitoka wapi. Nilijiambia kwamba uongo huo si mkubwa. Lakini kila walipouliza niliurudia, na kila nilipourudia nilizidi kuupamba. Mwishoni mdogo wangu alikuwa anakaa ofisini, mezani pake kuna kompyuta, na kiyoyozi kinampulizia.

Fedha zilikuja kweli. Zililipa ada ya mwanangu wa kwanza. Zilinunua mabati ya nyumba ya mama kijijini na dawa zake za presha kila mwezi. Nikiri pia kwamba makochi yaliyopo sebuleni kwangu hadi leo yalitoka katika fedha hizo hizo. Baba watoto aliwahi kuniuliza, "Huyu mtoto anabakiwa na nini?" Nikamjibu kwamba huko chakula na malazi ni bure, hana matumizi.

Alirudi mwaka 2016. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege nikiwa nimevaa kitenge kipya. Nilipomshika mikono nilishtuka. Ngozi ya viganja ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi, kwa sababu ya dawa za kusafishia sakafu na vyoo. Alikuwa amekonda. Nilipompima presha nikakuta 160 kwa 100, naye alikuwa bado hajafika miaka thelathini. Nikamtafutia dawa, nikamwambia apunguze chumvi, nikampa mafuta ya kupaka mikono. Usiku alilala taa ikiwaka. Saa kumi alfajiri nilisikia ufagio uani. Alikuwa anafagia, na hakuna aliyemwita.

Kama muuguzi nilifanya kila kitu, akina mama wenzangu, isipokuwa kuuliza.

DAFTARI LA BIBI

Kwa akiba ndogo aliyobaki nayo alianza kuuza kanga Mtaa wa Uhuru, pale Kariakoo. Jioni akirudi alikuwa anakaa jikoni na kuandika katika daftari. Nilidhani ni hesabu za biashara. Siku moja nilichungulia, nikaona mistari imepangwa minne minne, na pembeni ameandika namba nane nane. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Ni mashairi, dada. Nahesabu mizani."

Kumbe katika nyumba ile aliyofanya kazi kulikuwa na bikizee, mama mzazi wa mwenye nyumba. Bibi huyo alizaliwa Unguja, akahamia Oman na familia yake baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, kama walivyofanya Waarabu wengi wa Zanzibar. Watoto na wajukuu wake walizungumza Kiarabu, yeye moyo wake ulibaki katika Kiswahili. Alipogundua kwamba msichana wa kazi anatoka Tanganyika, kama alivyoiita mpaka kufa kwake, alifurahi kama mtu aliyeletewa mgeni. Usiku mdogo wangu alipokuwa akimkanda miguu, bibi alimghania mashairi aliyoyahifadhi tangu usichana, kisha akamfundisha vina na mizani kwa kugonga kidole kwenye ukingo wa kitanda. Basi mgeni mmoja alimfundisha mgeni mwingine lugha ya kwao wote wawili.

Halafu mwaka 2015, akiwa huko huko, alisikia habari kwenye simu yake. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika ilikuwa inatolewa kwa mara ya kwanza, kwa udhamini wa kiwanda cha Mabati Rolling Mills cha Kenya na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Upande wa ushairi mshindi alikuwa Mohammed Khelef Ghassani, mwana wa Pemba aliyekuwa anaishi Bonn, Ujerumani, akiwa mtangazaji wa Idhaa ya Kiswahili ya DW. Diwani yake iliitwa N'na Kwetu, na chini ya jina hilo yameandikwa maneno Sauti ya Mgeni Ugenini.

Mdogo wangu alinieleza jinsi alivyosimama katikati ya jiko la watu, sahani mkononi, akilirudia jina hilo. N'na kwetu, yaani nina kwetu. Alisema neno hilo analijua kila aliyewahi kuitwa "wewe msichana" miaka minne bila kutajwa kwa jina lake. Mtu akikuona unakosha vyombo hudhani ulianzia kwenye sinki. Hajui kwamba una mlima kwenu, una mama, una kaburi la babu, una jina la ukoo. Alisema tena kwa kucheka, "Dada, kumbe mabati hayaezeki nyumba ya mama tu, hata mashairi yanaezekwa kwa mabati!"

Tangu siku hiyo alikata shauri kwamba naye ataandika. Kama mtangazaji wa Bonn ana la kusema juu ya ugeni, basi hata mkosha vyombo wa Maskati analo.

"UNAOGOPA NENO GANI?"

Mwanzoni mwa mwaka 2018 mashairi yalikuwa yametimia arobaini. Aliyapeleka kwa kijana wa steshenari Kariakoo, akayachapa, wakatoa fotokopi na kuyabana kwa stepla. Jalada lilikuwa manila ya njano. Nakala mia moja, bei shilingi 2,000. Juu aliandika Jiko la Ugenini, na chini yake: Mashairi ya Mtumishi wa Ndani.

Aliniletea nakala ya kwanza akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aletaye mtoto kubatizwa. Akaniomba nimwombee nafasi kwa viongozi wa kanisa, ili Jumapili, baada ya ibada, awasomee akina mama shairi moja na kuuza vitabu vyake.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jalada. Mtumishi wa ndani! Nikaiona kompyuta yangu ya uongo na kiyoyozi changu vinaanguka mbele ya usharika mzima. Nikamwambia kwamba mambo ya nyumbani hayaanikwi hadharani. Nikamwambia kwamba kanisani si mahali pa mashairi ya dunia. Nikaongeza kwamba watu wenye kuandika vitabu wana elimu yao.

Alinitazama kwa utulivu, kisha akasema, "Dada, unaogopa mashairi, au unaogopa hilo neno mtumishi?"

Sikumjibu. Alichukua boksi lake la vitabu, akaenda nalo Kariakoo.

MSHAIRI KATIKATI YA KANGA

Wiki mbili baadaye nilitoka zamu mapema, nikapitia Mtaa wa Uhuru. Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama kwenye kibao, kanga zimening'inia nyuma yake, kitabu cha njano mkononi, anaghani. Mbele yake walikuwepo mama lishe wawili na masufuria yao, wanunuzi wa kanga, na mvuta mkokoteni mmoja aliyeegemea mzigo wake, jasho likimtoka.

Alikuwa anawaambia wateja, "Mama, kanga hii ina jina lake, nawe hununui mpaka ulisome. Kitabu hiki nacho ni kanga, ila maneno yake ni mengi zaidi. Ukinunua doti moja nakusomea ubeti bure." Watu walicheka, lakini waliposomewa walinyamaza. Yule mvuta mkokoteni akatoa noti ya shilingi 2,000 iliyokunjwa mara nne. Mdogo wangu akamwuliza kama anajua kusoma. Akasema, "Kidogo. Lakini binti yangu yuko darasa la tano huko Kibondo. Nitampelekea ajue baba yake anaishije." Kitabu hakikuwa na habari ya mkokoteni hata mstari mmoja. Yeye alijiona humo.

Nilisimama kando, nikaanza kufikiri juu ya mahali pale tulipokuwa tumesimama. Wengi wetu tunalitamka jina Kariakoo bila kukumbuka lilikotoka. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Midomo ya wenyeji ikaligeuza jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikuwa wamekusanywa kutoka vijiji vya mbali, wengi kwa kulazimishwa. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, na wengi hawakufa kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Ni vifo ambavyo muuguzi anavielewa vizuri.

Kwa hiyo mtaa huu umepewa jina la vibarua waliokuwa mbali na kwao. Hata leo ni hivyo. Anayebeba gunia ametoka Kigoma, anayeuza nguo ametoka Moshi, anayepika wali ametoka Mtwara, nami ninayewachoma sindano nimetoka Iramba. Kila mmoja ana kwao, na kila mmoja kuna mtu kijijini anayemwandikia ujumbe.

Nikarudi nyumbani bila kumsalimu. Niliona haya.

SIMU YA ZAMANI

Usiku ule, watoto walipolala, nilikichukua kile kitabu chenye jalada la njano ambacho nilikuwa nimekificha kwenye droo chini ya mataulo. Nilisoma shairi la kwanza, la pili, la tatu. Yalikuwa juu ya jiko, juu ya mlango unaofungwa kwa nje, juu ya bibi na miguu yake. Nikafika shairi la tisa. Jina lake lilikuwa Tuma. Ubeti wake wa kwanza ni huu, nimeunukuu kwa idhini yake:

Simu ikilia, huja, neno lao moja: tuma,
Ada watoto wangoja, bati, na dawa ya mama,
Hapana hata mmoja, wa kusema: "U mzima?"
Bibi aita: "Nakuja," mkono wangu wauma.

Nilikaa kitako kitandani. Nilitaka kusema kwamba si kweli, kwamba nilimwuliza mara nyingi. Kisha nikakumbuka simu yangu ya zamani iliyokuwa kabatini. Nikaichaji, nikasubiri, ikawaka. Ujumbe wote ulikuwepo.

"Tuma kabla ya tarehe 5, shule inafungua." "Tuma ya bati, mvua zimekaribia." "Mbona mwezi huu pungufu?" "Mama anasema asante, ila dawa zimepanda bei, ongeza." "Umetuma?" "Umetuma?" Nilisoma ujumbe wa miaka minne mpaka macho yakaniuma, nikitafuta mahali nilipomwuliza habari zake. Nilipata pamoja tu. Ilikuwa Krismasi ya mwaka 2014. Niliandika, "Krismasi njema mdogo wangu, u mzima?" Na mstari uliofuata, kabla hajajibu, niliandika, "Kuhusu makochi..."

Nilikwenda kugonga mlango wa chumba chake. Alikuwa macho, taa inawaka. Nikampa ile simu asome, nikapiga magoti. Tulilia wote wawili. Kisha nikaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nikafanya kazi niliyosomea. Nikamwuliza: ulikuwa unaamka saa ngapi? Ulikuwa unakula nini? Ulikuwa unalala wapi? Nani alikuwa pamoja nawe?

Akanieleza mpaka kukacha. Aliamka saa kumi na kulala saa sita usiku, na mwezi wa Ramadhani zaidi ya hapo. Hati yake ya kusafiria ilifungiwa kabatini na mwajiri tangu siku ya kwanza. Miezi mitatu ya mwanzo hakulipwa, kwa kuwa ilisemekana wakala anadai gharama zake. Alikula kilichobaki, na kama hakikubaki alikunywa chai. Miezi ile ambayo mimi nililalamika kwamba fedha ni pungufu, alikuwa ameugua mgongo na kukatwa mshahara. Kilichomshikilia asipotee ni yule bikizee, ambaye alimfichia tende chini ya mto. Bibi alipofariki, mdogo wangu alipika chakula cha msiba wote na hakuruhusiwa kuketi na waliolia. Shairi la mwisho la kitabu ndilo matanga yake.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilikuwa limetoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Mambo yaliyoelezwa humo ni hayo hayo: hati kushikiliwa, mishahara kukatwa au kutolipwa, saa za kazi zinazofika hata 21 kwa siku. Ripoti ilieleza pia mfumo unaoitwa kafala, ambao huifunga ruhusa ya mfanyakazi kuishi nchini kwa mwajiri wake, hivyo akiondoka bila idhini anahesabika kuwa mtoro. Wapo waajiri wema, na mdogo wangu anawajua waliopata wema huo. Lakini ripoti ile ilikuwa imesomwa redioni jikoni kwangu, yeye akiwa anamenya vitunguu, nami nikabadilisha stesheni.

JUMAPILI YA UKWELI

Nilimwombea ile nafasi. Siku ilipofika, baada ya ibada, akina mama walikusanyika katika ukumbi. Kabla hajasoma nilisimama mimi. Nikasema, "Miaka minne niliwaambia kwamba mdogo wangu anafanya kazi katika kampuni. Si kweli. Alikuwa mtumishi wa ndani. Niliona haya kwa kazi yake, lakini sikuona haya kwa fedha yake. Naomba mnisamehe, naye nimekwisha kumwomba."

Kulikuwa kimya. Wako walionong'ona, na mmoja alitoka nje. Mama mwingine aliuliza kama inafaa kusoma mashairi ya namna hii kanisani, maana si ya injili. Mama mchungaji alimjibu kwa upole. Alimkumbusha Zaburi ya 137, ya watu waliochukuliwa mateka Babeli, wakaketi kandokando ya mito wakilia na kutundika vinubi vyao kwa sababu walitakiwa kuimba katika nchi ya ugeni. Alisema kwamba huo nao ni wimbo wa wahamiaji, na Mungu hakuutoa katika Maandiko. Tena akamtaja Ruthu, mwanamke Mmoabi aliyeokota masazo katika mashamba ya watu. Boazi alipomwona, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuliza habari zake.

Mdogo wangu alisoma mashairi matatu. Vitabu vilivyouzwa vilikuwa thelathini na kimoja. Mtu wa mwisho kununua alikuwa mama mmoja mzito wa mwili, mwenye heshima zake. Alinivuta pembeni, akanong'ona, "Binti yangu yuko Dubai. Mimi nami nasema yuko kampuni. Nifanyeje ili nimwulize?" Nilimwambia nilichojua: "Leo mpigie simu, usimwombe kitu."

VITABU VYEMBAMBA

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa habari za watu walioandika juu ya ugeni wa watu wa kazi. Nimejifunza kwamba kitabu chembamba si cha kudharau. Warsan Shire alizaliwa Nairobi mwaka 1988 na wazazi wa Kisomali, akakulia London. Kijitabu chake cha kwanza kilitolewa mwaka 2011 na wachapishaji wadogo. Mwaka 2013 aliteuliwa mshairi kijana wa kwanza wa jiji la London, na mwaka 2016 Beyoncé wa Marekani alitumia maneno yake katika albamu yake Lemonade. Diwani yake kubwa ya kwanza ilitoka mwaka 2022.

Na sisi wauguzi tuna wetu. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, aliandika mwaka 1988 riwaya iitwayo Pilgrims Way. Mhusika wake mkuu ni kijana wa Kitanzania anayefanya kazi ya chini hospitalini katika mji wa Canterbury, Uingereza. Riwaya yake nyingine, Paradise, imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis ikaitwa Peponi. Mdogo wangu aliniletea nakala yake.

Yeye bado yuko Mtaa wa Uhuru. Tangu wakati ule amechapa Jiko la Ugenini mara mbili zaidi, kwa fedha yake, na kila nakala ameiuza kwa mdomo wake. Presha imeshuka. Dawa bado anakunywa, lakini taa sasa anazima.

NENO KWENU, AKINA MAMA

Kama una binti, dada au mdogo anayefanya kazi mbali, iwe Maskati, iwe Nairobi, iwe Masaki hapa hapa mjini, pokea ushauri wa mtu aliyekosea. Kabla hajaondoka, bakini nyumbani na nakala ya hati yake ya kusafiria, nakala ya mkataba, na namba ya simu ya nyumba anayokwenda. Ukimwandikia, swali la afya litangulie, na wakati mwingine liwe peke yake bila mzigo nyuma yake. Akituma pungufu, usiulize kwa nini pungufu, uliza kuna nini. Akirudi, usitazame sanduku, tazama mikono. Na akitaka kusimulia, hata kama ni kwa shairi, hata kama litakuaibisha, mwache asimulie. Ukiona mtu amechapa kijitabu chake, usimwombe cha bure. Kinunue.

La mwisho limenigusa mimi mwenyewe jikoni kwangu. Tuna msichana wa kazi kutoka Mpwapwa. Asubuhi baada ya ile Jumapili nilimwuliza, "Umelala salama?" Akajibu, "Salama, mama," bila kuinua macho. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilivuta kigoda nikaketi karibu naye, nikamwuliza tena, kisha nikanyamaza na kungoja, kama ninavyowangoja wagonjwa wangu.

Akaweka kisu chini. Akasema, "Mama, jino linaniuma, sasa ni wiki ya pili."

Miaka ishirini na zaidi ni muuguzi, na mtu alikuwa anaumwa jino jikoni kwangu. Nikachukua mkoba, tukaondoka wote kwenda zahanati.